Mzigo wa Mwenzio na Kitabu Chako

Kaa wa delta ya Rufiji hufika China akiwa hai. Hufungwa magando hapa Kiongoroni, hupangwa kwenye tenga lenye unyevu, huvuka mito hadi Nyamisati, hupanda gari kupitia Bungu hadi Dar es Salaam, na baada ya siku chache yumo kwenye sinki la mkahawa huko ng'ambo akisubiri mteja amnyooshee kidole. Kwa miaka mingi mvuvi aliyemtoa tunduni kwa kulabu hakujua mnyama wake anaishia wapi. Sasa mmeanza kumfuata. Nawaona nyinyi mliokuwa mkinunua kaa na kamba kwa mizani ya mkononi: huyu amekwenda Nairobi kuuliza bei, yule amekwenda Dubai kununua injini ya boti, mwingine ameshirikiana na wenzake wa Kariakoo wakaenda Guangzhou na kurudi na mzigo ndani ya kontena la watu wengi. Nafurahi, wanangu. Ndiyo maana nimewaita barazani kabla bamvua hili halijapita, kwa sababu najua likipita mtakuwa mmeondoka.

Sisemi msisafiri. Nani aliyezaliwa kwenye midomo ya Rufiji akamkataza mwenziwe bahari? Babu zenu waliona dunia ikija mpaka mlangoni. Majahazi ya Kuwait, ya Oman na ya Uajemi yalishuka na kaskazi, yakaingia mitoni, yakapakia boriti za mikoko kwa korija, kisha yakarudi na kusi. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, alikuja huku ndani ya jahazi la Wakuwaiti, akakaa nao Salale wakipakia, akaandika kitabu juu ya safari ile. Vijana wa pwani hii waliondoka na vyombo vya namna hiyo. Kijana alijulikana na nahodha, nahodha alijulikana na wafanyabiashara wa Unguja, na wafanyabiashara wa Unguja walijulikana Muscat. Ukipata matatizo bandarini, alitafutwa mtu anayekujua, naye alipatikana. Serikali ilipopiga marufuku kukata mikoko mwaka 1987, biashara hiyo ilikuwa imekwisha kuchoka, na dunia nayo ilikuwa imebadilika. Sura ilitoka kazini, kitabu cha pasipoti kikashika nafasi yake.

Hapa Kiongoroni hakuna anayekuuliza wewe nani. Wanamjua baba yako, wanajua shamba lenu la mpunga lilipo, wanajua mwaka ulioanguka mnazini. Huko unakokwenda hakuna anayejua lolote kati ya hayo, na hataki kujua. Anakijua kitabu na anakijua kilichomo mkononi mwako. Sasa, tabia mbaya zina waonyaji wengi. Imamu anawaonya juu ya pombe, mama anawaonya juu ya wanawake wa miji, mke anawaonya juu ya marafiki. Mimi nataka kuwaonya juu ya tabia zenu nzuri, zile tulizowafundisha sisi wenyewe, kwa sababu ndizo zitakazowakwamisha.

Nianze na iliyo nzuri kuliko zote. Mtu akitangaza hapa kwamba kesho anakwenda Dar es Salaam, jioni nyumba yake inajaa watu. Huyu ana ndoo ya kamba wakavu wa kumpelekea dada yake Mbagala. Yule ana mkeka. Bibi mmoja ana bahasha iliyofungwa kwa uzi. Ndani huenda mna fedha, huenda mna dawa, huenda mna barua, hakuna anayejua na hakuna anayeuliza. Kuuliza ni utovu wa adabu, na kufungua ni ugomvi wa koo mbili. Unabeba, unafikisha, unatoa na salamu. Ndivyo delta ilivyoishi miaka yote, maana huku msafiri ndiye posta. Nimebeba na nimebebewa, na sitaki desturi hiyo ife kati ya Nyamisati na Mbagala.

Lakini ukifika kwenye mlango wa uwanja wa ndege, iache nje.

Pale utaulizwa maneno mafupi: begi hili ni lako? Umelifunga mwenyewe? Ukisema ndiyo, kila kilichomo ni chako, hata usichokiweka. Shangazi aliyekupa hayumo katika sheria. Jirani aliyekuomba hayumo. Hakuna hakimu wa ng'ambo atakayepanda boti aje Kiongoroni kuuliza kama ni kweli huku watu hubebeana mizigo.

Nao wanaosafirisha unga, yaani dawa za kulevya, wanaijua adabu yetu kuliko tunavyoijua wenyewe. Hawaji na uso wa jambazi. Anakuja mama wa makamo, kajitanda vizuri, anakuita mwanangu, anaulizia hali ya wazee. Ana nduguye kule uendako, anakuomba umpelekee nywele za bandia, au viatu, au mkebe wa unga wa lishe. Hatafuti mhuni, kwa sababu mhuni anasachiwa. Anatafuta kijana mpole wa pwani, anayesafiri mara kwa mara, ambaye mihuri ya kitabu chake imejaa bila doa na maafisa wameanza kumzoea. Yaani anakutafuta wewe hasa. Kila safari uliyokwenda kwa halali imekuongezea bei machoni pake, na wewe hujui kwamba unapimwa. Wenyewe kwa wenyewe mtu wa namna hiyo humwita punda.

Msidhani hizi ni hadithi za kutishia watoto. Kuanzia mwaka 2013 padri mmoja wa Australia anayewahudumia wafungwa wa Hong Kong, John Wotherspoon, alisambaza barua za Watanzania waliofungwa kule kwa dawa za kulevya. Waliziandika kwa mikono yao kuwaonya wenzao wa nyumbani wasikubali kubeba. Watu walioandika barua zile hawakuwa na cha kupata tena kwa kusema uongo. Hong Kong sheria yao inafika kifungo cha maisha. China bara, mtu akikutwa anasafirisha gramu 50 za heroini au zaidi, adhabu inaanzia miaka 15, inapanda maisha, inafika kifo. Gramu 50 inaingia kwenye mfuko wa shati, wanangu. Na msifikiri nyumbani kuna ahueni: sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti dawa za kulevya nayo inafika maisha.

Basi jifunzeni kukataa. Najua ni kazi. Mtoto wa huku hafundishwi kumkatalia mtu mzima. Anafundishwa kupokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Kwa hiyo nawapa maneno ya kusema, ili msibabaike siku hiyo: "Mama, nitakibeba nikikifungua mbele yako, nikakiona chote, nikakipanga kwa mkono wangu. Kama hapana, wapo wenye kazi ya kusafirisha vifurushi." Hapo usiongeze neno. Akisema umemvunjia heshima, nyamaza. Akienda kumshitakia baba yako, na aende. Mwenye kitu safi atakasirika, kisha atakifungua, kisha atakucheka kwa uoga wako. Mwenye kitu kichafu atakumbuka ghafla kwamba kuna mtu mwingine anayesafiri wiki ijayo.

Na kubeba si begi tu. Kuna kumbebea mtu dola. Mfanyabiashara mwenzako anaona foleni ya benki inamchelewesha, anakupa bunda ulifunge kiunoni pamoja na lako. Kwa utaratibu wetu, fedha taslimu zikifika dola 10,000 unazitangaza mpakani, na aliyezifunga kiunoni ndiye anayetakiwa kueleza zilikotoka. Yeye wakati huo yuko Kariakoo anakunywa chai.

Sasa kitabu chenyewe. Tangu tarehe 31 Januari 2018 tunatumia pasipoti ya kielektroniki, ya mwananchi wa kawaida ina jalada la buluu mpauko lenye jina la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Inadumu miaka 10, na ada iliyotangazwa ilikuwa shilingi 150,000. Ukiona kishoka anakwambia ni laki nne kwa sababu wewe unatoka Kibiti na mambo yako ni magumu, jua ugumu huo ameubuni yeye. Tena kitabu hicho ni mali ya Serikali, wewe umekabidhiwa. Nasema hivi kwa sababu huku tuna mazoea ya kuwekeana rehani: baiskeli, redio, hata hati ya shamba. Pasipoti haiwekwi rehani, haiazimwi, haiachwi dukani kwa mtu "mpaka nikulipe". Anayekuomba umwachie kitabu hataki dhamana ya deni. Anataka kukushika mguu.

Ulizeni waliofanya kazi Ghuba. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Kitanzania waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani Oman na Falme za Kiarabu, na karibu wote walisema waajiri walizichukua pasipoti zao. Mwajiri alisema anamhifadhia. Na binti, aliyelelewa kumwamini mtu mzima anayemlisha, akatoa. Siku aliyotaka kuondoka ndipo alipoelewa alichotoa. Nyinyi ni wafanyabiashara, mtasema hayo hayawahusu. Yanawahusu. Wakala wa viwanda anayekutembeza Guangzhou akikwambia umwachie kitabu ili akushughulikie mambo, ni yale yale, ila huyu anatabasamu.

Hapa nitenganishe jambo, msije mkakataa kila kitu mkaonekana wakorofi. Hoteli itakuomba pasipoti ikuandikishe. Hiyo ni sheria. China mgeni asiyelala hotelini, aliyefikia nyumbani kwa rafiki au chumba cha kupanga, anatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24, na mgeni wa miaka 16 na zaidi anatakiwa kutembea na kitabu chake. Wengi wetu tunapenda kufikia kwa ndugu, ni rahisi na kuna ugali. Fikia, lakini kajiandikishe. Kwa mwandikishaji, unatoa kitabu, unasimama palepale, unakipokea, unakiangalia ukurasa wenye muhuri. Huondoki ukaahidiwa utaletewa.

Tabia nzuri ya pili ni subira. Sisi ni watu wa maji. Yakipwa tunakaa, boti imelala juu ya tope, tunapika chai, tunapiga utani wa Kindengereko, yakijaa tunaondoka. Hakuna anayegombana na maji. Subira hiyo imetulea vizuri, ila muhuri wa viza hauijui. Tarehe iliyoandikwa ni siku ya kuwa nje ya nchi ya watu. Nayaona yanavyotokea: kiwanda kimeahidi mzigo Jumatatu, Jumatatu wanasema Alhamisi, Alhamisi wanasema mashine imeharibika, na wewe umekwisha kulipa nusu, unaona aibu kurudi mikono mitupu, unajiambia siku tatu haziui. Haziui. Kwa sheria ya China kila siku uliyozidisha inaweza kukugharimu yuani 500 mpaka zifike 10,000, au ukalala rumande kuanzia siku 5 hadi 15. Lakini faini ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni kwamba sasa imeandikwa, na kila utakapoomba viza tena, kuna mtu atakayefungua faili na kukuta kwamba ulipoambiwa ondoka hukuondoka. Mfanyabiashara asiyepewa viza ni mvuvi wa kusimuliwa habari za bahari. Mwachie mwenzako fedha akupokelee, au poteza mzigo. Mzigo utanunuliwa mwingine.

Hesabu nyingine ya tarehe ni ya kitabu chenyewe. Nchi nyingi hazikupokei kama pasipoti imebakiza chini ya miezi sita, hata kama safari yako ni ya wiki moja. Kijana anaisoma tarehe ya mwisho, anaona bado, anakata tiketi, anarudishwa kwenye kaunta ya ndege huku wenzake wakipita. Kurasa nazo zinaisha, hasa kwa anayepita Tunduma na Kasumbalesa kila mwezi, maana kila mpaka unataka nafasi yake. Ukiona kurasa tupu zimekuwa za kuhesabika, anza kushughulikia kipya ukiwa bado hapa. Kile cha zamani usikichome. Kama kina viza hai, safari yako imo ndani yake.

Nairobi nako kuna mtego mdogo. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda walikubaliana raia wao wavukiane kwa vitambulisho. Tanzania haikuwemo. Kwa hiyo rafiki yako wa Mombasa atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba kitambulisho kinatosha, kwa sababu yeye kinamtosha akienda Kampala. Wewe pale Horohoro unahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Nyote wawili ni Waswahili, mnaswali msikiti mmoja, lakini kaunta haiangalii hilo.

Sasa jina. Hili litawachekesha, nami nacheka nalo, ila limewakwamisha watu wengi kuliko unga. Huku mtu ana majina mengi. Kadi ya kliniki imeandikwa Seifu kwa sababu nesi alisikia hivyo. Shuleni ni Saidi Hamisi. Kitambulisho cha Taifa kinasema Said Hamis Mkali, kwa kuwa siku ya kujiandikisha NIDA alijibu kwa jina la babu. Msikitini ni Ustadh, na pwani yote wanamwita Injini. Mtu huyo ni mmoja na sisi hatuna shida naye. Mwaka wake wa kuzaliwa nao tunaujua: ni ule wa mvua za El Nino, alizaliwa kwa mkunga wa nyumbani, maji yakiwa uani. Jaribu kumweleza hivyo afisa wa Uhamiaji Kibaha. Yeye anataka cheti cha kuzaliwa cha RITA, namba ya NIDA na fomu viseme jina moja na tarehe moja, herufi kwa herufi, na viza itakayofuata iseme hivyohivyo, na tiketi iseme hivyohivyo. Mtu aliyekatiwa tiketi kwa jina la Injini atabaki nchi kavu.

Kwa hiyo wenye watoto wachanga, waandikisheni sasa, msingoje wafike miaka 25 mkaanza kutafuta mashahidi ambao nusu yao wako makaburini. Na makaratasi myafunge ndani ya nailoni ngumu, myaweke juu darini. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na Kibiti watu waliokoa watoto kwanza, ndivyo inavyopasa, na yapo makaratasi yaliyokwenda na maji.

Nipite haraka juu ya mifuko na midomo. Mirungi Kenya ni biashara halali, Tanzania ni kosa, Uingereza waliipiga marufuku mwaka 2014. Shada lile lile, mpaka mmoja tu katikati. Dawa za maumivu nazo ziangalieni. Mwaka 2017 mwanamke wa Uingereza aliingia Misri na vidonge 290 vya tramadol akisema anampelekea mwenziwe mwenye maumivu ya mgongo. Akahukumiwa miaka 3. Falme za Kiarabu nazo zinaidhibiti dawa hiyo. Ukiwa na maradhi, safiri na cheti cha daktari na dawa ndani ya pakiti yake. Gamba la kasa, jino la mnyama, kitu chochote cha porini au baharini ulichookota ukakiona kizuri, kiache. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iambatane na kitabu, isisahaulike sandukuni. Mifuko ya plastiki usiingie nayo Kenya. Na ule utani wetu, Wandengereko na Wanyagatwa, tuliozoea kumwambia mtu "nimekuja kukuzika" naye akacheka: kwenye mashine ya kukagua mizigo hataniwi mtu yeyote juu ya jambo lolote. Ukiulizwa, jibu kilichoulizwa. Unakwenda kufanya nini? Kununua bidhaa. Utakaa wapi? Hapa, na karatasi ya hoteli hii. Utarudi lini? Tarehe hii. Salamu ndefu na habari za wazee tunza, utazitumia ukirudi.

Nimeona pia kwenye simu za wajukuu zangu jambo ambalo mimi silielewi. Mtu amepata pasipoti, anaifungua ukurasa wenye picha, namba na tarehe ya kuzaliwa, anaipiga picha na kuiweka kwenye status ili watu waseme mashallah. Zamani mtu akipata hirizi aliificha. Wewe umeipata, ukaifungua, ukaisomea watu. Atakayetaka kulitumia jina lako kwa uovu hahitaji tena kukuibia. Basi tuonyesheni picha ya ndege, inatosha, nasi tutasema mashallah.

Lipo lingine, ambalo wazee wenzangu hawapendi kulitaja mbele za vijana. Mwaka 2017 Kibiti ilijulikana nchi nzima kwa damu. Tarehe 13 Aprili askari polisi 8 waliuawa Mkengeni, na kabla na baada ya hapo viongozi wa vijiji waliuawa kwenye milango yao. Mnakumbuka tulivyokuwa tukifunga milango mapema, na pikipiki zilivyokatazwa usiku. Oktoba mwaka huohuo moto wa mauaji ukawaka Mocímboa da Praia, ng'ambo ya Ruvuma. Tangu hapo, kijana wa kutoka wilaya hizi akielekea kusini, asishangae akiulizwa maswali ambayo kijana wa Moshi haulizwi. Ni dhuluma? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Lakini dhuluma hiyo hutaimaliza mpakani kwa kupandisha sauti. Utaimaliza kwa kitabu kisicho na kasoro, leseni ya biashara mkononi, na maelezo yasiyobadilika ukiulizwa mara ya pili. Na atakapokujia mtu, awe na ndevu au asiwe nazo, akakwambia kuna kazi mahali, nauli ipo, pasipoti haihitajiki, tutapita njia za panya, usimwambie mama yako, mtu huyo hakuiti kwenye biashara. Hakuna kazi ya halali inayomwogopa mama wa mtu.

Mkipata matatizo huko, msijifiche kwa aibu. Tanzania ina ubalozi mdogo Guangzhou, Dubai, Mombasa na Lubumbashi. Kitabu kikipotea, nenda polisi wa huko kwanza upate karatasi ya upotevu, kisha nenda ubalozini. Kuna hati ya dharura ya kukurudisha nyumbani. Nakala ya ukurasa wa picha na ya viza uwe nayo ndani ya begi tofauti na kitabu chenyewe, na nyingine iachwe hapa. Mimi napendelea iachwe kwa mama. Wake zenu nawaheshimu, lakini mama hahami akikasirika.

Nimesema mengi na maji yanakaribia kujaa. Wewe mwenye safari ya Guangzhou Jumamosi, usiondoke bado. Ule mkoba uliopewa jana na yule mama wa barabara ya juu kwa ajili ya mwanawe, nenda kaulete, na mwiteni naye aje. Tutaufungua hapahapa barazani, sote tukiwepo, na akikasirika semeni ni mimi niliyeagiza.